Maji Tuliyoyavuruga

Jumuiya yetu hapa Omurushaka ni ya watu wa migomba na kahawa. Ziwa tunalijua kwa dagaa na sangara wanaoletwa sokoni, basi. Kwa hiyo tulipoamua kulima bonde la mafunjo lililo chini ya kilima chetu, hakuna aliyewaza habari za ziwa. Tuliwaza bati. Usharika ulikuwa unajenga, na kila jumuiya ilikuwa na fungu lake la ahadi.

Bonde lina unyevu mwaka mzima, na nyanya za kiangazi zina bei. Tukakata mafunjo, tukachoma, tukachimba mifereji ili maji yapungue. Mchungaji alishuka kuombea mbegu. Msimu wa kwanza tulipeleka madhabahuni bahasha nene, na kwaya ikatuimbia. Msimu wa pili mvua kubwa ilipiga usiku kucha. Udongo mwekundu ulishuka kutoka mlimani, ukapita katikati ya matuta bila kitu cha kuuzuia, ukaenda na mbolea tuliyonunua kwa mkopo. Tulihesabu hasara ya mbolea. Udongo umekwenda wapi, hatukuuliza.

Mwaka huohuo tulialikwa na usharika mmoja ulio kando ya ziwa, upande wa Missenyi. Baada ya ibada, mzee mmoja mvuvi alituongoza hadi ufukweni. Tulimwamkia, naye akaitikia kisha akauliza, “Wanangu, ninyi ndio mnaotoka juu, Karagwe?” Tukasema ndiyo. Akanyosha mkono kuelekea majini. “Basi mzigo wenu tunaupokea kila masika.”

Maji ya pale yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mbele yake magugu maji yalikuwa yametandaza mkeka wa kijani, mitumbwi miwili imekwama ndani yake.

Tulijitetea haraka. Magugu haya yalitoka Rwanda, tukasema, sisi tunahusikaje? Na ni kweli kwa sehemu: asili yake ni Amerika Kusini, na mwishoni mwa miaka ya 1980 yaliingia Ziwa Viktoria kwa njia ya mto Kagera, ambao chemchemi zake ziko Rwanda na Burundi. Lakini mto huohuo unapita mpakani mwetu, unazunguka Kyerwa hadi Murongo, unashuka Kyaka, na vijito vyetu vinauongezea maji kabla haujaingia ziwani upande wa Uganda. Adamu naye alikuwa na mtu wa kumtaja alipoulizwa.

Mzee hakubishana. Alitueleza ghuba ilivyo. Ni maji yaliyokingwa, mawimbi ni madogo, hayabadilishani upesi na maji ya ziwa kuu. Ndiyo maana samaki wanaipenda. Sato dume huchimba kiota chake kwenye maji ya kina kifupi, na jike huyabeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe. Vifaranga hujificha kwenye majani ya ukingoni. Ila utulivu huohuo ndio unaoiponza ghuba: kinachoingia hakitoki upesi. Tope hufunika viota. Mbolea iliyomo kwenye tope hunenepesha magugu na mwani wa kijani. Vikifa na kuoza, hula hewa iliyomo majini, na samaki hukosa pumzi. Katika miaka ya 1990 walileta vidudu vidogo vinavyokula magugu hayo, na yakapungua sana. Lakini maadamu chakula chake kinaendelea kushuka na mto, hurudi.

Mzee alituambia pia kilichokuwa kikiuzuia mzigo huo: mafunjo. Kule Unguja, mikoko ya ghuba ya Chwaka hukamata tope kati ya nchi kavu na bahari. Huku kwetu kazi hiyo hufanywa na mafunjo ya mabondeni, yaleyale tuliyoyachoma tukamshukuru Mungu.

Njiani kurudi gari lilikuwa kimya. Wiki iliyofuata tulisoma Ezekieli 34, kondoo wale wanaokunywa maji safi kisha wanayavuruga yaliyobaki kwa miguu yao. Tulikuwa tumezoea kuisoma sura ile kama habari ya wachungaji wabaya.

Tusidanganye kwamba tulikubaliana. Mama mmoja mjane alikuwa amelipa ada ya mtoto wake kwa nyanya zile, akauliza kama samaki wa Missenyi ndio watakaolipa ya mwaka ujao. Hatukuwa na jibu. Mwingine akataja Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 na mita zake 60 kutoka kwenye maji, akaambiwa hapa si mahakamani. Tulikaa vikao vitatu. Mwishowe tuliacha matuta yote ya karibu na maji, tukaziba mifereji, tukabaki na kipande cha juu, ambacho tulimpa yule mama alime peke yake. Juu ya kipande hicho tulipanda majani ya kuzuia udongo.

Ahadi yetu haijatimia. Mafunjo yamerudi, yanatufika kiunoni, na ndege wameanza kujenga humo. Kanisani upande wa kulia bado hauna bati; mvua ikianza katikati ya ibada, tunasogea wote kushoto.