Usiku mwezi ulipopatwa Giza

Mpenzi msomaji, usikimbilie mshumaa! Giza ninalolisema leo si la umeme kukatika, ni mji. Upo Misri, ukivuka mto Nile kutoka Cairo, na ndipo yalipo yale mapiramidi uliyoyachora kwenye daftari la historia. Wengi huenda kupiga picha na ngamia. Mimi nilifuata muziki.

Muziki gani tena kwenye makaburi ya mafarao? Tulia nikumegee.

Septemba 14, 15 na 16, 1978, bendi ya roki ya Marekani, Grateful Dead, iliporomosha shoo tatu mfululizo miguuni pa Sphinx, yule simba wa jiwe mwenye uso wa mtu na pua iliyong'oka. Jamaa hawa walianzia California mwaka 1965, na sifa yao kubwa haikuwa santuri, ilikuwa jukwaa. Wimbo wanauanza vizuri tu, mara waimbaji kimya, magitaa yanaondoka zao, na hakuna ajuaye, hata wao wenyewe, kama yatarudi baada ya dakika kumi au ishirini. Huko ndiko kujamu. Mashabiki waliwafuata mji hadi mji kwa sababu shoo ya jana na ya leo hazikufanana.

Sasa usidhani kujamu ni kila mtu kujipigia lake. Thubutu! Ni kama malenga wawili wanaojibizana papo kwa papo: huyu akitupa neno, yule adake palepale. Jerry Garcia wa gitaa la solo akitupa, Phil Lesh wa besi anadaka, Bob Weir anajazia katikati. Asiyewasikiliza wenzake anaumbuka mbele za watu.

Na Giza kuumbuka kulikuwa karibu kweli. Mpiga drums wao mmoja, Bill Kreutzmann, alikuwa ameumia mkono, akapiga kwa mkono mmoja. Walitaka hata chumba cha mfalme ndani ya piramidi kuu kiwe chombo chao cha mwangwi, mambo yakagoma. Wenyewe hawakuridhika na kazi ile, na rekodi rasmi ilikuja kutoka 2008, miaka 30 baadaye!

Mimi rekodi hiyo niliisikilizia palepale. Nilipita mitaa ya Nazlet el-Samman, harufu ya farasi imetanda, vijana wananivuta shati nipande ngamia, mpaka nikaiona sehemu ya wazi inayotazamana na Sphinx. Nikaketi, nikaweka spika za masikioni.

Kuna kipande kimoja, bwana wee! Kinaanza bila gitaa. Ni Wanubi wakiongozwa na mpiga udi Hamza El Din, wana matari, makofi na sauti zao tu, wimbo unaitwa Ollin Arageed. Makofi yanazunguka, yanazunguka. Kisha taratibu Wamarekani wanaingia. Hawaji na makelele. Garcia ananyatia kama mgeni anayepiga hodi, anatafuta pa kukaa ndani ya makofi ya wenyeji. Mtu na gitaa lake la umeme anafuata viganja vya watu! Dakika zinakwenda, mgeni nani na mwenyeji nani hujui tena. Ukija kushtuka, mko ndani ya Fire on the Mountain, wimbo wa bendi yenyewe.

Hapo roho ilinisisimka, na nikueleze kwa nini. Hamza El Din alizaliwa Toshka, Nubia, mwaka 1929. Bwawa Kuu la Aswan, lililojengwa kati ya 1960 na 1970, likakimeza kijiji chake, watu wakahamishwa. Kwao hapakuwa pa kurudi. Nyumba zilizama, makofi hayakuzama. Halafu anakuja mtu kutoka California na vyombo vya gharama, wala hamfuniki. Anamsikiliza kwanza, ndipo anajibu. Wangapi wanaweza?

Tena usiku wa tatu, Septemba 16, mwezi ulipatwa. Giza likaingia Giza! Waulize wazee wako wa Dar, Tanga au Mombasa, maana na huku ulipatwa usiku uleule.

Basi nakuomba kitu kimoja. Jumamosi ukienda dansini, bendi ikamaliza kuimba, mpiga solo akamgeukia mpiga tumba wakaanza kutazamana, usiondoke kwenda kununua soda. Wengi mnadhani wimbo umeisha. Wapi! Hapo ndipo wanaume wanapoanza kutafutana, na watakachokipata hakimo kwenye kanda wala kwenye simu yako. Ukikikosa umekikosa.

Haya, tukutane wiki ijayo, majaliwa.