Kupakata: Tafakuri juu ya Kompyuta, Safari na Amana ya Watafitiwa

Miongoni mwa maneno tunayotumia kuitaja kompyuta ndogo inayosafiri na mwenyewe ni kompyuta mpakato na kipakatalishi. Yote mawili yametokana na kitenzi pakata, ambacho katika matumizi yake yaliyozoeleka humhusu mtoto: mama humpakata mwanawe mapajani. Yamkini waundaji wa istilahi hizi walizingatia tu mahali kinapokaa chombo. Hata hivyo, safari zangu za kikazi nje ya nchi zimenishawishi kwamba kitenzi hiki kimebeba pia maana ya dhamana: anayepakata ndiye anayewajibika kwa kilichopakatwa.

Suala la dhamana lilijitokeza waziwazi mwaka 2017. Tarehe 21 Machi mwaka huo, serikali ya Marekani ilitangaza kwamba abiria waendao huko moja kwa moja kutoka viwanja 10 vya ndege vya Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini wasiingie ndani ya ndege na kifaa cha elektroniki kinachozidi ukubwa wa simu ya mkononi. Vifaa hivyo viwekwe pamoja na mizigo ya chini. Dubai, Abu Dhabi na Doha, ambazo ni njia za kawaida za msafiri atokaye Dar es Salaam au Zanzibar, zilikuwamo. Amri ilitolewa kwa hoja ya usalama, ilhali taratibu za usafiri wa anga zinataka betri za akiba za lithiamu zikae na abiria, kwa kuwa moto ukizuka hapo huonekana na kuzimwa mapema. Vikwazo hivyo viliondolewa hatua kwa hatua hadi Julai mwaka huohuo.

Mwezi Juni nilipitia Doha kwenda kufundisha. Wahudumu waliipokea kompyuta yangu mlangoni mwa ndege, nami nikakaa takribani saa 14 nikinukuu vitenzi vya Kikae kwenye daftari. Ndani ya kompyuta ile mlikuwamo sauti za wazee wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, baadhi yao wakiwa wamekwisha kufariki. Sikuhofia kuzipoteza, kwani nakala zilikuwa zimebaki nyumbani. Kilichonishughulisha ni yaliyosemwa: bibi mmoja, katika kunieleza matumizi ya njeo, alisimulia mgogoro wa shamba uliowagawa ndugu zake. Alinisimulia mimi, kibarazani kwake.

Aidha, maofisa wa mpakani nchini Marekani wana mamlaka ya kuikagua kompyuta ya anayeingia. Mwongozo wao wa Januari 2018 ulitofautisha ukaguzi wa kawaida na ule wa kina, na kuuwekea huu wa pili masharti zaidi. Hata hivyo, ule wa kawaida hauhitaji tuhuma yoyote. Hivyo basi, maneno ya mtu ambaye hajapata kuvuka bahari huweza kuwa chini ya sheria ya nchi asiyoijua, kwa sababu tu mtafiti wake amealikwa huko.

Wako watakaosema kwamba data ya isimu ni sauti na miundo tu, wala haina siri. Hoja hii haina mashiko. Msemaji hatamki viambishi. Husimulia maisha yake, nasi ndimo tunamovichopoa viambishi hivyo.

Kwa wanafunzi wetu wa uzamili wanaojiandaa kwenda ng'ambo, napendekeza mambo matatu. Kwanza, majina ya watafitiwa yatenganishwe na rekodi tangu siku ya kwanza. Pili, msafiri achukue tu sehemu ya data inayohitajika kwa kazi aendayo kuifanya. Tatu, na hili ndilo zito zaidi, ridhaa inayoombwa kibarazani haina budi kueleza kwa lugha nyepesi kwamba sauti inaweza kuvuka mpaka na kusikilizwa na wasiojulikana. Msemaji akikataa, sauti yake ibaki nyumbani, hata kama sura nzima ya tasnifu itapungua.