Poddle: Mto Uliofichwa Chini ya Mji

Msomaji akibahatika kufika Dublin, mji mkuu wa Jamhuri ya Ireland, ataonyeshwa mto Liffey unaoukata mji katikati. Wachache watamwonyesha mto Poddle, ijapokuwa jina la mji huo limetokana nao.

Poddle ni mto mdogo, urefu wake yapata kilomita 11. Chimbuko lake liko Tallaght, upande wa kusini-magharibi. Kutoka huko huelekea kaskazini-mashariki, ukipita Kimmage na Harold's Cross, mara juu ya ardhi, mara chini yake. Zamani, karibu na mahali unapoingia Liffey, palikuwa na bwawa la maji meusi. Wenyeji waliliita Dubh Linn, yaani Bwawa Jeusi, na Waviking waliopiga kambi Dublin mwaka 841 hudhaniwa kuwa walilifanya bandari ya merikebu zao.

Mto huu ulibeba mzigo mkubwa kuliko umbo lake. Watu wa mji waliunywa, na maji yalipokuwa hayatoshi, katika miaka ya 1244 na 1245 walichimba mfereji wa kuuongezea maji ya mto Dodder. Ulizungusha mawe ya vinu, na watengenezaji wa ngozi waliutumia katika kazi yao. Ngome ya Dublin, iliyojengwa kwa amri ya Mfalme John ya mwaka 1204, iliufanya handaki la kuwazuia adui.

Je, mto ulilipwa nini? Mji ulipopanuka, ulitupiwa taka, kisha ukafunikwa kwa mawe na matofali. Leo hupita gizani chini ya mitaa na chini ya Ngome ile ile, hata kumwaga maji yake katika Liffey penye Wellington Quay. Palipokuwa na bwawa sasa pana bustani, na watoto huchezea majani yake.

Lakini kufunikwa si kufa. Mnamo Oktoba 2011 mvua kubwa ilinyesha, Poddle ukafurika huko Harold's Cross, na mwanamke mmoja akafa maji ndani ya chumba chake kilichokuwa chini ya usawa wa barabara.

Basi, ndugu msomaji, kabla hujajenga au kupanga nyumba, waulize wazee maji yalikuwa yakipita wapi. Binadamu husahau njia ya mto. Mto wenyewe hausahau.