Shajara ya Mhazini

Kilosa, 28 Januari 2025

Barua ya kusimamisha kazi imefika. Imetoka kwa shirika kubwa linalotupitishia fedha za Wamarekani: misaada ya nje imesitishwa kwa siku 90, na gharama mpya hazitalipwa. Zile milioni 11 za Desemba, tulizozitanguliza wenyewe ndipo tudai, hakuna wa kutuambia zitarudi lini. Vitabuni zinasomeka kama mali yetu, lakini bwana shamba halipwi mshahara kwa madai.

11 Februari

Kikao cha bodi. Mwenyekiti kashika taarifa ya benki: "Mama, mbona tuna milioni 63?" Nikamwonyesha. 38 ni za mfereji wa umwagiliaji, zina masharti yake. Zetu hasa ni 25, na mwezi mmoja unakula 8 na nusu: mishahara, NSSF, pango, mafuta ya pikipiki. Hata miezi mitatu hazifikishi. Mjumbe mmoja akataka tuazime kidogo kwenye za mfereji, "tutarudisha." Tutarudisha kwa kipi? Nimekataa, na akilileta tena nitakataa tena. Fedha ile ina mwenyewe, na wakulima wa bondeni wanausubiri mfereji.

3 Machi

Mawingu ya masika yametanda. Vikundi vyetu vya wakulima wa mbegu za kuazimiwa ubora lazima vipande sasa, mashamba yakaguliwe kwa wakati. Ukichelewa, mahindi yako yanauzwa kama chakula na bei ya mbegu huioni. Mvua haingoji Washington. Bodi imeridhia tuguse akiba: mabwana shamba wawili na mafuta tu. Semina na fulana tumefuta. Nimesaini hundi bila wasiwasi, maana akiba tuliiweka kwa siku kama hizi.

1 Julai

Leo USAID, shirika la misaada la Marekani, limekoma rasmi kuendesha misaada. Zetu zimebaki milioni 12. Bodi imepitisha nililoliomba tangu zamani: katika kila shilingi mia ya ushuru wa mbegu, kumi ziende akiba, tuziweke Mfuko wa Ukwasi wa UTT, na zisitolewe bila muhtasari wa kikao.

Andiko jipya la mradi nimemrudishia mratibu. Limejaa saruji na mabomba, gharama za uendeshaji hakuna hata senti. Anayetaka mfereji amlipe na anayeandika hesabu za mfereji. Miaka yote tumeogopa kulisema hilo mbele ya wafadhili, ndiyo maana akiba haikui. Kesho tunakaa naye tuuweke mstari huo kabla andiko halijatumwa.