Nyumba ya bibi haihitaji ngazi

Ngazi ya dharura ni kitu kizuri kwa wanaoishi ghorofani: hunaswa dirishani kwa ndoano, mtu akashuka. Mdogo wangu anayo Tanga mjini, na juzi alitaka tumnunulie na bibi, huku Amani. Nikamwambia nyumba ya bibi haina ghorofa, ina nondo.

Ziliwekwa kwa hofu ya wezi, na usiku mlango hufungwa kwa kufuli. Moto ukianza sebuleni, bibi atatokea wapi? Machi 2001, wanafunzi 67 walikufa bwenini Kyanguli, Machakos, nchini Kenya. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, madirisha yana nondo. Na moshi mara nyingi huua kabla ya moto kufika.

Zimamoto tuwapigie 114 mapema. Lakini gari lao likitoka bondeni lina mlima mrefu wenye kona. Dakika za kwanza ni zetu wenyewe.

Kwa hiyo fedha ya ngazi tumempa fundi wa kuchomelea. Nondo za chumba cha bibi sasa zina bawaba, na komeo lake ni la ndani, halina ufunguo. Amelifungua gizani mara tatu.

Nanyi wasomaji, usiku wa leo zimeni taa, mjaribu la kwenu.