Kiti na Jembe

Mwaka huu nimefundishwa jambo na mama yangu katika shamba la uwele, wala sioni vema kulificha, ijapokuwa kulisimulia kwanitia haya.

Mimi ni mwalimu katika wilaya ya Chamwino, si mbali na mji wa Dodoma. Kazi yangu ya miaka hii ni kukaa zaidi ya kusimama: kusahihisha madaftari, kujaza orodha, kuandika taarifa. Ninyi mkaao huku kwetu mwajua ya kuwa mvua zetu huja mara moja tu kwa mwaka, tangu Desemba hata Aprili, na magugu hayamngoji mtu. Basi mwezi wa Januari nalikwenda kumsaidia mama kupalilia. Yeye amepita miaka sabini. Aliinama toka nyonga, mgongo umenyoka, magoti hayakukunjwa ila kidogo, akaenda na jembe lake hata mwisho wa ngwe. Mimi sikufika nusu. Nyuma ya mapaja palivuta kama kamba iliyokazwa. Nikapiga magoti, kisha nikaketi chini. Mama akanitazama, akasema, "Mwanangu, kiti kimekuibia miguu."

Usiku ule nalisema moyoni, Nitaishinda miguu hii kwa nguvu. Nikasimama, nikainama nishike vidole vya miguu, nikajitupa chini na juu mara nyingi, bila subira. Hata mara moja nikasikia maumivu makali kama ya kisu nyuma ya paja la kulia. Majuma matatu nalichechemea, na mama akaimaliza palizi peke yake. Shamba lile ndilo lililonilipia ada ya shule. Hilo liliniuma kuliko paja.

Nalikwenda hospitali, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo akanieleza kwa upole. Nyuma ya kila paja mna misuli mitatu. Huanzia katika mfupa wa kitako, ule tuukaliao, hupita nyuma ya goti, hushikamana na mifupa ya mguu chini ya goti. Kazi yake ni kukunja goti na kuinyosha nyonga tutembeapo na tuinukapo. Mtu akikaa kutwa, magoti yamekunjwa na mgongo umepinda, misuli hiyo hainyoshwi hata mwisho wake, wala haitumiki. Siku zikipita, mwili huzoea mwendo mfupi, na kila uendao mbele ya hapo huutia hofu. Tena msuli uvutwao kwa ghafula hujikaza wenyewe ili ujilinde. Ndiyo sababu nguvu zangu za usiku ule zilinidhuru.

Sasa nitawaambia niliyoagizwa kuyafanya paja lilipopona, maana hayahitaji fedha.

Kwanza, nisikae zaidi ya nusu saa bila kuinuka. Huenda mlangoni, au husahihisha madaftari nikisimama, nimeyaweka juu ya kabati.

Pili, jioni hulala chali juu ya mkeka, mguu mmoja umenyoshwa chini. Huzungusha kanga katika wayo wa mguu wa pili, nikauinua polepole, goti limekaribia kunyoka, mpaka nisikie kuvutwa, wala si kuumia. Hapo hungoja sekunde 30, nikipumua taratibu, kisha huushusha. Hufanya hivi mara tatu kwa kila mguu.

Tatu, hukunja magoti, nyayo chini, nikainua makalio na kuyashusha mara kumi, maana msuli dhaifu nao husikika kama umekaza. Kunyosha peke yake hakutoshi.

Nne, niokotapo kitu huinama toka nyonga kama mama, si kwa kuukunja mgongo.

Mtaalamu alinionya pia. Maumivu yakishuka toka kiunoni au kitakoni hata mguuni, pamoja na ganzi, huenda ni mshipa wa fahamu, wala si msuli; mtu asijinyoshe, aende akapimwe. Na mtu akishindwa kuuzuia mkojo, au akipata ganzi katikati ya mapaja, aende hospitali siku iyo hiyo.

Wataalamu waliopima mambo haya wameona kwamba majuma ya kwanza ya mazoezi hayaurefushi msuli sana. Ni fahamu za mtu zinazojifunza kutoogopa kuvutwa. Kwa hiyo kidogo cha kila siku hushinda kingi cha siku moja. Tena mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani liliwashauri watu wazima wapunguze saa za kukaa, na kwa juma wapate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa kiasi, kama kutembea kwa haraka.

Zamani maneno haya yangaliwafaa wachache kwetu. Lakini shauri la kuuhamishia Dodoma makao makuu, lililokatwa mwaka 1973, lilianza kutimizwa kwa haraka mwaka 2016, na sasa makarani ni wengi, na wana wetu wengi wamo maofisini. Wengi wao wana shamba nyumbani na mzazi anayelishika peke yake.

Wakati wa mavuno nalirudi kwa mama. Sikuweza kumfikia, lakini naliinama kuokota masuke asubuhi nzima, nikabeba kikapu changu mwenyewe. Mama hakunisifu. Alinionyesha tu ngwe iliyobaki, akasema, "Ile ni yako." Neno hilo lilinitosha.