Timu imeshuka daraja, mtoto asishuke nayo

Msimu wa 2017/18, Njombe ilikuwa na timu Ligi Kuu Tanzania Bara. Njombe Mji ilipanda pamoja na Lipuli ya Iringa na Singida United, na vigogo Simba na Yanga wakalazimika kuifuata kwenye baridi ya Uwanja wa Sabasaba.

Furaha haikudumu. Ligi ilikuwa na timu 16, kila moja mechi 30, na Njombe Mji ilitumia sehemu kubwa ya msimu ikihangaika mkiani.

Katika nyumba moja Makambako, njia panda ya kwenda Songea, mtoto wa miaka 13 aliishika timu hiyo kwa moyo wote. Baba yake ni Simba damu. Mwanzoni mwa Aprili 2018 Simba ilipokuja Njombe, baba na mwana walisikiliza mpira redioni, sebule moja, timu mbili. Simba ilishinda 2-0, mabao yote ya John Bocco. Kila bao baba aliruka, akamcheka kijana: "Na hiyo timu yenu ya viazi!"

Kwa baba ulikuwa utani wa kawaida wa mpira. Kijana hakujibu. Usiku hakula, na wiki iliyofuata hakwenda mazoezi ya timu ya shule, ambako alikuwa beki wa kushoto. Mama alipomuuliza, alisema: "Mama, timu za kwetu ni za kufungwa tu."

Mama alilibeba neno hilo hadi kwa mumewe. "Mtoto amefungwa mara mbili," alimwambia. "Uwanjani na hapa nyumbani."

Mzazi, hapa ndipo penye jambo. Mtoto wa umri huo anajitafuta. Timu anayoipenda, shule yake, kabila lake, mji wake, vyote anavihesabu kama sehemu yake. Unapoidharau timu ya nyumbani mbele yake kila Jumamosi, yeye hasikii habari za mpira. Anasikia kwamba kinachotoka kwao hakina thamani, na yeye katoka hukohuko.

Kumwambia "ni mpira tu, sahau" nako hakusaidii. Huzuni yake ni ya kweli hata kama sababu yake unaiona ndogo. Mwache aseme, msikilize hadi mwisho. Kama yeye mwenyewe anacheza, usianze na "mmefunga ngapi?" Muulize alicheza vipi, kama ameumia, kama amekula. Maswali hayo yanamwonyesha kwamba nafasi yake nyumbani haitegemei matokeo.

Usimnunulie pia jezi ya timu inayoshinda ili kumfariji. Kukaa na kitu kinachoshindwa bila kukikimbia ni somo atakalolihitaji kwenye mitihani, kazi na ndoa.

Lakini mjue mwanao. Kununa siku mbili tatu baada ya mechi ni kawaida. Akikosa usingizi au hamu ya kula, akijitenga na marafiki na kuacha aliyoyapenda kwa wiki mbili au zaidi, tatizo huenda si mpira tena. Mpeleke kituo cha afya azungumze na mtaalamu. Akisema hataki kuishi, usisubiri hata siku moja.

Yule baba wa Makambako hakufanya kikao wala kutoa hotuba. Alimwomba mwanawe radhi kwa maneno machache, kisha jioni moja akaenda uwanja wa shule kusimama pembeni. Timu ya kijana ilifungwa siku hiyo pia. Walirudi kwa miguu, baba akiuliza kwa nini beki wa kushoto anapanda sana mbele, na kijana akieleza njia nzima.

Msimu ulipoisha, Simba ilitwaa ubingwa. Njombe Mji na Majimaji ya Songea zikashuka daraja. Kijana alilia, baba akanyamaza naye. Mazoezini aliendelea kwenda.